Stroberi: Tunapiga dawa Jumatatu, tunachuma Jumatano

Vijana wenzangu, leo tugombane kidogo. Wengi mnaolima stroberi mnanitumia picha ya majani yaliyopauka, yana vidoti vya njano, halafu swali ni moja: "Bwana shamba, nipige dawa gani?" Kabla sijajibu, mtu ameshapiga mbili.

Geuza jani kwanza. Ukiona vitu vidogo mno vinatembea kwenye utando kama wa buibui, huo ni utitiri. Utitiri si mdudu. Una miguu minane, ni ndugu wa buibui. Zile dawa za bei rahisi zenye cypermethrin au lambda-cyhalothrin zinaua wale marafiki wanaoula, wenyewe unabaki unajilia raha. Kukiwa na joto na vumbi, kizazi kipya kinapatikana ndani ya wiki moja au mbili. Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza kazini mimi mwenyewe nilimwandikia mkulima ratiba ya kupiga kila Jumatatu. Shamba liligeuka rangi ya kutu. Nilirudi kumwomba msamaha, na mpaka leo akiniona ananiita "Daktari wa Jumatatu".

Kinachoniuma zaidi ni hiki: stroberi inachumwa kila baada ya siku mbili tatu. Lebo ikisema subiri siku 7, maana yake michumo miwili au zaidi haiendi sokoni. Nani kati yenu anaitupa? Tunda hili halimenywi, mtoto analitia mdomoni hivi hivi. Na mteja wa hoteli akikataa mzigo mara moja, harudi.

Kwa hiyo kagua majani mara mbili kwa wiki, toa yaliyozeeka, mwagia njia maji vumbi litulie. Ukizidi kweli, nunua dawa ya utitiri iliyosajiliwa na TPHPA, piga chini ya jani, na awamu ijayo badilisha aina, usizoeshe. Na tafadhali, tunda lenye manyoya ya kijivu ni ukungu, dawa ya utitiri hailihusu kabisa. Hapo weka matandazo, acha kumwagilia juu ya majani, okota yaliyooza ukayafukie mbali.

Hilo kopo ulilonunua jana, nitumie picha ya lebo kabla hujalifungua.