Kuku wa Mtoto ni wa Mtoto

Mwaka juzi, Idi Pili, nilimchinja jogoo asiye wangu. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa ametoka na wenzake kwenda kupanda bembea. Shemeji yangu alikuwa ameshuka bila taarifa na basi la asubuhi kutoka Dar es Salaam, na kwetu Tanga shemeji halishwi maharage siku ya sikukuu. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikitazama nani amenona. Macho yakatua kwa kishingo mwekundu, mapaja hayo, kifua hicho. Adhuhuri ilipofika alikuwa ndani ya tui la nazi.

Mwanangu alirudi na puto mkononi. Wakati ule alikuwa na miaka tisa. Alisimama mlangoni mwa jiko akaliangalia beseni la manyoya. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Baba, si ulisema ni wangu?"

Kweli nilisema. Nilimpa akiwa kifaranga, nikamwambia mlishe, mlinde na mwewe, huyu ni wako. Na kwa miezi minane alimlisha na kumlinda. Nikatoa lile jibu ambalo kila mzazi hulibeba mfukoni: "Mwanangu, vyote humu ndani ni vyako." Hata mimi nililisikia likianguka.

Tangu siku hiyo nimewasimulia watu wengi kisa hiki, kwanza kama kichekesho. Msikilizaji hucheka, kisha hunyamaza kidogo, kisha hunitajia kuku wake wa utotoni. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima mwenye wajukuu, anakumbuka mabaka ya mbuzi wake jike na jina la mgeni aliyechinjiwa. Ndivyo tulivyolelewa wengi: kifaranga ni wa mtoto, jogoo ni wa baba. Mtoto atafagia banda, atachota maji, atakimbizana na nguchiro. Siku ya nyama anaambiwa yeye ni mtoto tu.

Basi naomba jambo moja kwa kila mwenye mtoto, mjukuu au mdogo wake nyumbani. Likizo ya Desemba hii, mpeni kuku. Na mkishampa, awe wake kweli.

Wake kweli ni hivi: akitaga, mayai ni ya mtoto, na ninyi mkiyataka mnayanunua. Akiuzwa, fedha inaingia kwenye kopo la mtoto, hata kama jioni hiyo umeme umekatika na mfukoni hamna kitu. Akitakiwa kuchinjwa, mtoto anaulizwa. Akisema hapana, mnakwenda buchani. Najua hapo wengine wameshaanza kuguna. Mtoto amuulize baba yake ana mgeni gani? Mimi nami niliguna. Lakini hatuwezi kumfundisha mtu kutogusa cha mwenzake huku cha kwake tunakigusa kila tukipata mgeni.

Kizazi changu kilisoma kwenye kivuli cha Elimu ya Kujitegemea, ile aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Tulilima shamba la shule, tulifuga kuku wa shule, na kushika jembe tulijua. Ila sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kuonja yai la kuku wale. Sasa mtaala mpya umeanza kuwarudisha vijana kwenye amali, na nafurahi. Lakini kuku wa shule atabaki kuwa wa shule. Wa kwake mwenyewe, mtoto atampata nyumbani au hatampata.

Mimi nililipa fidia. Nilikwenda Pangani kwa mama yangu nikarudi na tembe mmoja mweusi, kidimu, wale wenye manyoya yaliyosimama utadhani wametoka kwenye upepo wa kusi. Nilimkabidhi mbele ya mashahidi wawili, mama mtu na dada mtu. Mwanangu alimkagua kama mnunuzi wa mnadani, akampa jina: Shangazi. Kwa sababu ya makelele.

Shangazi alipoanza kuatamia mayai yake 12, kijana aliandika tarehe kwa penseli kwenye kalenda ya ukutani na kuhesabu siku 21 mbele. Usiku wa saba tulizima taa. Akawasha tochi ya simu, akaliweka yai juu ya mwanga na kuuziba pembeni kwa kiganja. Mle ndani ilionekana mishipa myekundu imetambaa kama mizizi, na katikati doa jeusi likichezacheza. Alishusha pumzi akanong'ona, "Yumo." Mawili hayakuwa na kitu, yaling'aa matupu kama balbu, akayatoa mwenyewe, bila kuambiwa, na kumrudishia Shangazi mengine kumi, moja moja, huku akidonolewa.

Siku ya 21, kabla ya jua, sauti zilisikika kutoka ndani ya mayai hata kabla gamba halijapasuka. Kifaranga huzaliwa na kijino kigumu juu ya mdomo, anakitumia kutoboa, na siku chache baadaye kinadondoka. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi. Mwanangu alitaka kusaidia kumenya. Nikamwambia ukimtoa kwa nguvu utamtoa damu, mwache. Akaikalia mikono yake, vidole vyote chini ya mapaja, akangoja hivyo mpaka chai ikapoa. Walitoka tisa. Mwewe alichukua mmoja wiki ile ile, na tangu hapo vifaranga wetu hushinda chini ya tenga.

Hapa sasa nawageukia majirani, maana wazazi peke yao hawatoshi. Kumpa mtoto kuku asiyechanjwa ni kumpa msiba. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, haubishi hodi: leo kuku amezubaa, mabawa yameshuka, kinyesi kijani, kesho shingo imepinda, wiki haijaisha banda liko kimya. Hauna dawa. Unachoweza ni kuuzuia, na kuuzuia ni rahisi hata kutia aibu. Kuna chanjo ya I-2, inatengenezwa hapahapa Tanzania, inavumilia joto kuliko zile za zamani. Ni tone moja kwenye jicho moja. Unamshika kuku, unamlaza ubavu, unadondosha, unasubiri tone litandae jichoni, unamwachia. Baada ya miezi mitatu unarudia. Na wachanjwe wangali wazima. Aliyekwisha kuugua, chanjo haimwokoi.

Shida ni kwamba chupa moja ya chanjo inatosha kuku wengi mno kuliko wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai. Sisi tulikuwa na 11. Unanunua chupa, unachanja 11, inayobaki unaimwaga. Ndiyo maana watu wengi hawachanji, si ubishi. Kwa hiyo mwanangu na mimi tulipita nyumba kwa nyumba, yeye na daftari, mimi na maneno. Bibi wa nyumba ya kona alitukatalia: kuku wake hunywa maji ya mwarobaini na hilo latosha. Nikamwambia mwarobaini una kazi zake arobaini na hii haimo. Alicheka, akatoa kuku sita. Jumamosi ile tulichanja kuku 83 wa nyumba saba kabla ya saa tatu asubuhi, kila nyumba imechanga kidogo, na watoto ndio waliokuwa wakiwakamata. Kila mtoto alijua nani ni nani. "Huyo bado, huyo tayari, huyo ni wa Mama Zuhura kavuka uzio."

Kila mtaa unaweza kufanya hivyo. Mmoja tu aanze, amwone afisa mifugo wa kata au aende duka la dawa za mifugo, kisha apange siku. Aliye mjini amuulize pia mtendaji wa mtaa sheria ndogo za halmashauri zinaruhusu nini, kuliko kusubiri jirani akashitaki. Na banda lifagiliwe kila siku, mbolea iende kwenye mchicha, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Harufu ndiyo huvunja ujirani, jogoo anayewika saa kumi watu humzoea.

Binti yangu, kwa upande wake, hapendi kuku. Anasema wana macho ya kusengenya. Sikumlazimisha, na ninyi msiwalazimishe. Bibi yake alipokuja kukaa nasi wiki tatu alikuja na ukindu, tayari umekaushwa, mwingine umetiwa rangi ya zambarau na kijani. Wakakaa barazani, bibi akichana jani kwa ncha ya sindano, mtoto akishika shina la ukili kwa vidole vya miguu kama alivyoonyeshwa. Ukili wa bibi ulishuka umenyooka kama rula. Wa binti ulikuwa umelegea hapa, umekaza pale, ukiulaza sakafuni unajikunja kama mkia wa kinyonga. Nikamwambia mama, nadhani kwa nia njema, amsaidie kuufumua pale palipoharibika. Mama hakuinua hata macho. "Nikiufumua," alisema, "utakuwa wangu."

Ukashonwa hivyohivyo, mzunguko kwa mzunguko, ukatoka kawa. Imeinama upande mmoja mithili ya kofia ya mlevi. Ndiyo inayofunika chakula chetu kila siku, mbele ya wageni, na zile kawa nzuri za dukani zimetundikwa ukutani. Nakiri wiki ya kwanza niliona haya. Sasa kawa iliyokaa sawasawa naiona haina uso.

Wapo watakaoniambia hawana nafasi. Aliyepanga chumba kimoja hawezi kufuga, ni kweli, na sitamwambia afuge kwenye ndoo. Ila ana kijiko, bakuli na sufuria. Ampe mtoto asubuhi moja ya kuoka mkate, naye akae pembeni, asinyang'anye mwiko. Ukiungua, uliwe ulivyoungua. Mtoto akiamua kuupeleka wote kwa rafiki yake, uende wote. Unga wa mkate mmoja hautufilisi.

Shemeji alikuja tena Idi ya mwaka huu. Safari hii alipiga simu. Nilikwenda bandani nikamkuta kijana ameinama, miaka 11 sasa, anakwangua kinyesi kwenye ubao. Shangazi amekuwa koo mzee, na kati ya wanawe kuna jogoo mmoja mweusi wa kupendeza. Nikamweleza haja yangu kama mtu anayeomba mkopo.

"Mjomba anakaa siku ngapi?"

"Mbili."

Alimtazama jogoo, akanitazama mimi. "Huyu hapana. Nitatoa mayai." Akaenda kwenye kapu, akahesabu sita, akafungua daftari lilelile la chanjo na kuandika kwa kalamu: Baba, mayai 6.

Nikaenda buchani, kama sheria inavyosema. Mayai akayashika binti, maana mkate wa mayai nyumbani kwetu sasa ni wake. Mayai sita, kikombe cha sukari, kikombe cha unga, iliki aliyoitwanga mwenyewe. Hauna hamira, unainuka kwa mkono wa anayepiga tu. Alipiga mayai na sukari mpaka vikageuka vyeupe na vizito, akainua mwiko juu, uzi wa mchanganyiko ukaanguka na kukaa juu bila kuzama. Hapo ndipo alipomimina unga, taratibu, akiuchanganya kama anayemfunika mtoto shuka. Bibi yake angepalia makaa, chini kidogo, juu ya kifuniko mengi. Sisi tumehamia gesi, na serikali inataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, kwa hiyo binti amejifunza njia nyingine: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sufuria ya mkate juu ya mchanga, kifuniko kizito, moto mdogo. Juu haupati ile rangi ya makaa. Mama yangu akiuona husema umetoka hospitali. Lakini unaiva, na iliki inafika mpaka kwa bibi wa nyumba ya kona.

Waliuleta barazani chini ya ile kawa iliyoinama. Shemeji aliifunua, akaigeuzageuza, akauliza imenunuliwa wapi. Binti akamwambia haiuzwi. Alikula vipande vitatu, akabakisha nafasi kidogo sana kwa nyama yangu ya buchani, kisha akanyoosha mkono kutaka cha nne, na ilibidi amwangalie kwanza mwenye mkate.

Jumatatu nililipa bei ya mayai manne. Mawili bado yako kwenye daftari, na juzi nimeona yamepigiwa mstari.