Asilimia tano ya kazi, ila waajiri ni haba

Sensa ya 2019 iliiweka Homa Bay miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu zaidi cha ulemavu: asilimia 4.3, ilhali cha kitaifa kilikuwa asilimia 2.2. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwatengea asilimia 5 ya nafasi. Hata hivyo, kutoka Mbita hadi Migori, wengi hutegemea uvuvi, mashamba na biashara ndogo. Waajiri wakubwa, kama vile serikali za kaunti na kiwanda cha sukari cha Awendo, ni wachache. Aidha, anayebahatika kuajiriwa hulazimika kupanga nyumba mjini. Asipopata isiyo na ngazi, yenye choo kinachoingilika kwa kiti cha magurudumu, kazi hiyo itamfaa nini?