Damu Inayopotea Bila Kuonekana

Mchukuzi wa mizigo wa Mbagala akilegea kazini na kushikwa na kizunguzungu, huambiwa kwamba damu imepungua. Huongezewa chupa mbili, hupewa vidonge vya kuongeza damu, kisha hurudi kwenye magunia yake. Baada ya miezi mitatu yu kitandani tena. Mara nyingi chanzo ni safura au malaria, na dawa zake zipo. Lakini wapo ambao damu yao huvuja tumboni polepole, haja kubwa ikawa nyeusi kama lami, wala hawakuulizwa. Baadhi yao humeza diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo, kama mtu anywavyo chai. Na dawa hiyo hutia vidonda tumboni na katika utumbo.

Daktari hutazama kwanza kwa kamera ipitishwayo kooni, kisha kwa ile ya njia ya haja kubwa. Kamera hizo haziifikii sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, ambao urefu wake ni mita 6 hivi. Hapo ndipo ifaapo siti skani. Mgonjwa hudungwa dawa ya rangi mshipani, mashine hupiga picha mara kadhaa, na mahali damu ivujapo dawa hiyo hung'aa ndani ya utumbo, hata kama mvujo ni nusu mililita tu kwa dakika. Ila ni lazima damu iwe inavuja saa ile ile. Aliyengojeshwa tangu Ijumaa hadi Jumatatu huenda akapigwa picha isiyoonyesha mvujo wowote.

Mwaka 2021 Serikali ilikopa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ikanunua mashine hizi kwa hospitali za mikoa. Muhimbili nako, tangu 2018, madaktari wetu wamefundishwa, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, kuuziba mshipa uvujao kwa mrija mwembamba bila kupasua tumbo. Tunashukuru kwa hayo. Lakini mashine haijisomi. Ni nani aisomaye picha saa nane ya usiku? Dawa ya rangi imo ghalani? Na kibarua asiye na bima, ambaye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ilitungwa kwa ajili yake, hutakiwa kulipa nini kabla ya kulala juu ya kitanda kile?

Viongozi wa matawi ya Temeke na Kinondoni na wayapeleke maswali haya hospitalini kwao. Majibu watakayopewa tutayachapa.