Mfanyakazi na Ziwa la Kwao

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi wa nchi hii likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, naye hulipwa mshahara wake kamili kana kwamba yuko kazini. Haki hiyo ni kubwa, wala haikuokotwa njiani. Lakini ukimwuliza mfanyakazi aliyerejea kazini siku 28 zake zimepita wapi, aghalabu atakujibu kwa kucheka tu. Sisi tunaona kwamba jambo hili si la kuchekwa. Mtu aliyepewa mapumziko akarudi amechoka kuliko alivyoondoka, hakupumzika. Na haki isiyotumika huonekana mwishoni kama si haki.

Yafaa tuyatazame mambo haya tukiwa Kyela, mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kwa kuwa ni sehemu chache za Tanzania ambazo wanaume wake wamesafiri mbali kama wa huko, na safari zenyewe karibu zote zilikuwa za jasho. Katika miaka ya 1930 vijana wa Unyakyusa walipanda kwa miguu kwenda kuchimba dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine tena walichukuliwa na Wenela hata machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka Tanganyika ilipojitawala na Serikali ikakataa kuwatoa watu wake kuutumikia utawala wa makaburu. Kwa mtu wa zama zile kusafiri kulikuwa ni kwenda kutafuta kodi, mahari na blanketi. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza kusafiri kwa ajili ya kuona na kupumzika.

Wakati huo huo wako waliojua. Afisa wa kikoloni alikuwa akimaliza zamu yake hupewa miezi ya likizo ya kwenda kwao Ulaya, akalipwa, akarudi amenawiri. Mwaka 1949 na 1950 ndege za Waingereza za kutua majini zilikuwa zikishuka Cape Maclear, upande wa kusini wa ziwa hili hili, na abiria wake wakilala katika hoteli iliyojengwa ufukweni. Ziwa lilikuwa moja; huku kaskazini mwenyeji wake alikuwa akilitazama akiwa na jembe begani. Hatusemi haya ili kuchochea uchungu wa zamani. Tunayasema kwa sababu fikra ile, kwamba starehe ya safari ni ya mgeni na jasho la safari ni letu, haikuondoka siku bendera iliposhushwa. Ingali vichwani mwetu.

Ushahidi upo kila mwezi wa Desemba. Mabasi hutoka Dar es Salaam yamejaa, yakapita Mikumi, yakapanda Kitonga, yakapita Iringa na Makambako hata Uyole, kisha yakateremka Tukuyu katikati ya migomba na mashamba ya chai hadi joto la Kyela. Mfanyakazi hushuka na masanduku, na kabla hajanawa uso ameshaambiwa kuna msiba wa pili, kuna mchango wa harusi, kuna ukuta wa nyumba ya mama ulioanguka kwa mvua, na shamba la mpunga linamngoja. Huenda kila pahali anapoitwa, maana ni wajibu wake, na sisi hatutamshauri mtu yeyote akimbie ndugu zake. Mwana asiyerudi kwao ni hasara kuliko likizo yoyote. Lakini siku zote 28 zikiwa za michango na mazishi, kilichobaki ni kazi nyingine isiyo na mshahara. Wako hata wanaoomba wasipewe likizo wakalipwa fedha, kwa kuogopa gharama za kwenda nyumbani. Huko ni kula mbegu.

Ajabu ni kwamba wazee wa Unyakyusa walikuwa na elimu ya mapumziko kabla ya kuwako kwa sheria yoyote ya kazi. Wana neno, ukwangala, maana yake kukaa na wenzako wa rika, mkala, mkanywa, mkazungumza bila haraka. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliona kwamba jambo hilo lilikuwa nguzo ya maisha ya watu wale, na kitabu chake cha mwaka 1951 kikapata jina lake kutokana na maana hiyo. Kwa hiyo wanaosema kwamba kustarehe ni desturi ya kigeni wanakosea. Kigeni ni huku kukimbizana.

Sasa tuwatazame wageni wanaofika Matema. Huja mmoja mmoja au wawili wawili, begi mgongoni. Wengine hutembea kwa miguu siku nzima, wengine hukodi baiskeli, wakala wali wa Kyela na samaki aitwaye mbasa, wakaoga ziwani na kulala mapema. Si matajiri wote. Wengi wao ni wafanyakazi kama sisi, walimu na wauguzi na mafundi, waliojiwekea akiba mwaka mzima. Mtu wetu huwatazama akasema, "Huo ndio utalii." Kisha hurudi Kyela mjini, na miaka 30 itapita hajakanyaga Ikombe, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vyao kwa mikono mitupu, bila gurudumu, wakavichoma na kuvileta kwa mitumbwi kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo. Vyungu hivyo hupikiwa maharage hata Mbeya mjini, lakini ni wangapi kati ya wanaovipikia waliokwisha kuona vinavyozaliwa?

Barabara ya lami ya kupitia Ipinda imeipunguzia safari ya Matema adha nyingi. Ufukoni hapo zipo nyumba za wageni za Kanisa la Kilutheri na za Wamoravian. Na kwa asiyetaka joto, kuna ziwa Ngosi katika shimo la volkano karibu na Tukuyu, kuna Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, na juu zaidi kuna Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Mtu wa Kyela anayetumia siku 20 kwa ndugu zake na siku 5 kwa mambo haya, akiwachukua na watoto, hajamdhulumu yeyote.

Ipo na safari nyingine, nzuri kuliko zote, nayo ni ya meli. Kutoka bandari za Kiwira na Itungi kwenda Lupingu, Manda, Liuli hata Mbamba Bay, milima ya Livingstone ikisimama wima kushoto kama ukuta, na maji ambayo kina chake hufikia takriban mita 700. Liuli ndiko meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilikoshambuliwa na Gwendolen ya Waingereza mwezi Agosti 1914, vita vya Ulaya vikiwa havijatimiza majuma mawili. Mtoto akioneshwa mahali hapo kutoka sitahani hatasahau historia yake kama anavyoisahau ya ubaoni.

MV Mbeya II, iliyojengwa hapo hapo Itungi na kuanza kazi mwaka 2021, huweza kuchukua abiria 200 na mizigo tani 200. Fedha hizo ni za wananchi, na tunaisifu Serikali kwa kuijenga. Lakini meli huwa ni ya wananchi pale mwananchi anapojua itaondoka siku gani na saa ngapi, na itarudi lini. Mfanyakazi mwenye siku zinazohesabika hawezi kukaa gatini akingoja habari. Ratiba na ibandikwe Kyela stendi, Mbeya stendi na kituo cha TAZARA, tena ifuatwe. Na panapokuwa na matengenezo watu waambiwe mapema. Mahali ambapo meli haina uhakika, watu hupanda mitumbwi na maboti yaliyojaa kupita kiasi, hasa nyakati za pepo za mwera kati ya Mei na Agosti, ziwa linapochafuka. Hatujasahau tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 200. Kule kulikuwa na kivuko cha Serikali na bado watu walizidi. Je, mtumbwi usiokaguliwa na mtu?

Tugusie na nauli. Ufaransa mwaka 1936, wafanyakazi walipopata kwa mara ya kwanza majuma mawili ya likizo yenye malipo kwa sheria, serikali yao haikuishia kwenye karatasi. Iliweka tikiti ya reli ya likizo, iliyopunguzwa kwa asilimia 40, na watu waliokuwa hawajaiona bahari katika maisha yao wakaiona mwaka ule ule. Walifahamu kwamba likizo bila nauli ni kifungo cha nyumbani. Sisi tunayo TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa jasho la Watanzania, Wazambia na Wachina. Reli hiyo sasa inazungumziwa sana kwa habari ya shaba na mizigo, na ni sawa, maana shaba ndiyo italipa madeni. Hata hivyo tunauliza: katika mipango yote hiyo, behewa la mfanyakazi liko wapi? Tikiti moja ya likizo, ya mtu na watoto wake, kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa reli na kutoka Kiwira hadi Mbamba Bay kwa meli, kwa nauli iliyopunguzwa katika miezi isiyo na msongamano, si ndoto. Inahitaji mashirika mawili kuketi meza moja.

Ufukwe wenyewe nao unahitaji ulinzi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wageni wanavyozidi, na hasa baada ya nchi kutangazwa kwa filamu ya mwaka 2022, wenye fedha watakuja kutafuta viwanja Matema, na wengine watataka kujenga ukuta hadi majini. Wakaribishwe wajenge, lakini si ndani ya mita hizo. Mvuvi apite na nyavu zake, mwanamke wa Kikisi ateremshe vyungu vyake, na mtoto wa karani aoge bila kuulizwa risiti.

Waajiri nao waache desturi ya kuwaachia watu wote Desemba, mwezi wa mvua na mabasi ya kugombania, huku Septemba na Oktoba, wakati Kyela imekauka na njia ni nyeupe, ofisi zikiwa zimejaa watu wanaosinzia. Wenye watoto shuleni wapewe Juni na Desemba kwanza. Wengine wagawane miezi iliyobaki. Orodha za likizo hupangwa na wakubwa, na mara nyingi mfanyakazi huipata ikiwa imekwisha kutiwa sahihi. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wadai kuiona kabla, waisome jina kwa jina, na wamwulize kila ambaye siku zake hazikuandikwa ni nani aliyezifuta.