Kadi Huongeza Nafasi, Haiongezi Usalama

Ndugu msomaji, huenda nawe umekwisha kuyaona maneno haya kwenye kioo cha kompyuta ya nyumbani: nafasi imekwisha, futa kitu kwanza. Kwetu yalitokea usiku wa Jumapili moja, binti yetu akiwa anamalizia kazi ya shule ya kupeleka kesho yake. Kompyuta yetu ndogo ikakataa kuihifadhi. Kwa haraka nikahamishia picha zote katika kadi ya kumbukumbu, pamoja na sauti ya marehemu mama yangu akimsimulia mjukuu wake habari za ukoo. Kazi ya shule ikaokoka. Miezi miwili baadaye niliichomoa kadi ile nikaitia katika simu. Simu ikauliza kama iiandae upya, nami nikakubali bila ya kusoma. Picha nyingi tulizipata tena kwa jamaa. Sauti ya mama hatukuipata.

Nayasimulia haya ili wewe usiyarudie. Wazee wetu walisema akiba haiozi, lakini akiba iliyowekwa katika kadi moja tu yaweza kuoza kwa kubonyeza mara moja.

Tuanze na chanzo cha shida. Kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu zina hifadhi ya ndani ya GB 32 au 64, nayo mara nyingi imechomelewa kwenye ubao wa mashine, hata fundi hawezi kuibadilisha kama abadilishavyo diski. Tena GB 32 za kwenye boksi huonekana kama 29.8 ndani ya Windows. Hapo hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa 1,000, na Windows huhesabu kwa 1,024. Kutoka hapo mfumo wenyewe huchukua sehemu yake kubwa. Mwaka 2019 Microsoft ilipandisha kiwango cha chini cha nafasi kwa Windows 10 hadi GB 32, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, yataka GB 64. Kwa hiyo mwenye mashine ya GB 32 ni kama mpangaji wa chumba kimoja ambacho mwenye nyumba ameacha kabati lake ndani.

Kabla ya kukimbilia dukani kununua kadi, fagia kwanza. Fungua folda ya vitu vilivyopakuliwa. Humo hujaa video zilizokwisha kutazamwa na nakala tatu za waraka mmoja. Kisha mwaga pipa la taka, maana kitu ulichokifuta hukaa humo na nafasi hairudi mpaka pipa limwagwe. Mwisho nenda katika mipangilio, sehemu ya hifadhi, uondoe mafaili ya muda. Baada ya Windows kujigeuza kwa sasisho kubwa, toleo la zamani huweza kubaki kwa siku kadhaa likiwa limekalia GB nyingi. Ukiona mashine inakwenda vizuri, liondoe hapo hapo.

Usafi ukiisha, ndipo tugawe vitu. Hapa lipo swali moja la kujiuliza juu ya kila kitu: je, kikipotea leo, kitapatikana tena? Nyimbo, filamu na vitabu vya kupakua vitapatikana; hivyo viende kwenye kadi. Mfumo, programu na kazi ya wiki hii vibaki ndani ya mashine. Programu ukiziweka kwenye kadi, kwa kawaida huenda polepole, na kadi ikichomolewa hazifunguki kabisa. Lakini picha za harusi, vyeti vilivyopigwa picha, hesabu za biashara ya mama wa nyumbani na sauti za wazee havitapatikana tena. Hivyo lazima vikae mahali pawili: kwenye kadi, na kwenye diski ya nje au kadi ya pili isiyotoka kabatini ila siku ya kuongeza vitu.

Katika kuhamisha, shika utaratibu huu. Nakili kwanza. Fungua nakala chache uhakikishe zinasomeka. Ndipo ufute zile za awali. Ajihimuye kufuta kabla ya kuhakikisha hana tofauti na mtu avunjaye ghala la zamani kabla ya jipya kuezekwa.

Kuhusu kununua, angalia alama. Kadi za SDHC huishia GB 32, na za SDXC huanzia juu ya hapo hadi TB 2. Kisomeo cha kompyuta ya zamani huenda kisizisome hizi za pili. Tarakimu 10 ndani ya duara maana yake ni kuandika kwa kasi isiyopungua megabaiti 10 kwa sekunde. Jihadhari na kadi ya ukubwa wa ajabu kwa bei ya karanga. Zipo kadi za kughushi zinazojitangaza kuwa na GB 256 hali uwezo wao ni mdogo sana. Hupokea mafaili bila ya kulalamika, na siku ya kuyafungua ni matupu. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza kadi na kuisoma tena ili kupima ukweli wake. Ifanye kazi hiyo kabla kadi haijawekwa kitu chochote cha thamani.

Usichomoe kadi mpaka umeiagiza kompyuta iiachie, kwa kuwa yaweza kuwa ingali inaandika. Kadi ikikataa kupokea kitu, tazama ubavuni kuna kikufuli kidogo, huenda kimeteleza. Na simu au mashine yoyote ikikuuliza kama iiandae kadi upya, jibu ni hapana, mpaka ujue kilichomo.

Baada ya msiba wetu ule, mama watoto, ambaye ndiye mweka hesabu wa nyumba, alinunua daftari la kurasa chache. Kila kadi ina namba, na daftari laonyesha kilichomo, nakala yake iko wapi, na ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Leo jioni, ndugu msomaji, kabla ya taarifa ya habari, ikalie kompyuta yako kwa nusu saa pamoja na watoto. Tafuteni kitu kimoja ambacho hakiwezi kupatikana tena, mkifanyie nakala ya pili. Mkianza na sauti ya bibi au babu aliye hai, hamtakuwa mmekosea.