Harusi ya Daktari Sichangii

Wadau, mniwie radhi kwa ukimya wa wiki mbili. Kazi ya gazeti mnaijua: ukitoka kwenye mkutano wa waziri unatupwa Jangwani kwenye maji, ukirudi mhariri anauliza mbona stori fupi. Lakini leo nimekaa chini. Nina jambo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na nisipoliandika nitalitapika kwenye kikao mbele za watu.

Jambo lenyewe ni kadi. Kadi ya mchango wa harusi, nyekundu, ina maua ya dhahabu, imechapwa hapa hapa Kariakoo. Mwenye harusi ni rafiki yangu tangu sekondari. Tumekalia dawati moja, tumekula mihogo ya sahani moja. Leo ni daktari. Jina lake silitaji, akisoma atajijua. Mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao cha kwanza cha kamati, baa moja jirani na Mnazi Mmoja, nikasimama nikaahidi laki moja kama mwanaume mzima. Juzi mweka hazina kanitumia meseji: "Kaka, tunakusubiri wewe tu."

Asisubiri. Sichangii.

Daktari aliondoka hapa 2016 kwenda Guangzhou, China, kusomea udaktari. Kozi ni miaka 6, na mwaka wa mwisho ni wa mazoezi hospitalini. Darasani wanafundishwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wa Kichina haumwi kwa Kiingereza, kwa hiyo ukifika wodini bila Kichina umekwisha. Mzee wake alikuwa amestaafu. Kiinua mgongo kilisukuma ada ya miaka 2, kikakata. Wengi mnaofikiri aliye ng'ambo anakula kuku kwa mrija hamjui mwanafunzi anavyokaa mwezi mzima na mchele na mayai, huku nyumbani wanamtumia orodha ya simu za kuwanunulia.

Hapo ndipo anapoingia dada mmoja, binti wa Ilala, aliyekuwa kule anasoma lugha. Walianza kuishi pamoja 2018, chumba na jiko, nje ya chuo. Wakaishi hivyo miaka 4.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopenda kuruka. China ina viza ya familia ya mwanafunzi, wanaiita S1. Mke anapata. Mume anapata. Wazazi, watoto na wakwe wanapata. Mchumba hapati. Hakuna cheti cha ndoa, hakuna viza. Ili akae na Daktari, yule dada alilazimika kujiandikisha kozi ya Kichina mwaka baada ya mwaka na kuilipia, hata alipokuwa anakizungumza kuliko baadhi ya walimu wake. Ile ada ilikuwa bei ya kulala nyumba moja na mwenzake. Kila wakihama chumba, ndani ya saa 24 lazima mkaripoti polisi mnapoishi. Nani alikuwa anajua Kichina cha kutosha kuongea na polisi na mwenye nyumba? Si Daktari, yeye yuko maktaba anakariri mifupa.

Fedha ya kula ilitoka wapi? Ilitoka hapa, Kariakoo. Nyie wenye fremu za Aggrey, Narung'ombe na Congo mnajua. Mfanyabiashara anashuka Guangzhou hajui neno la Kichina zaidi ya "nihao". Anahitaji mtu wa kumpokea, kumtembeza kwenye masoko ya jumla, kumbishania bei, kufungua maboksi kuhakikisha viatu vilivyomo ndivyo vilivyolipiwa, kisha kusimama ghalani mpaka mzigo uingie kwenye kontena. Mtu huyo mara nyingi ni mwanafunzi wa Kitanzania. Na kwa sheria ya China iliyoanza kutumika 2013, mwanafunzi mgeni kufanya kazi nje ya masomo bila kibali ni kosa, unaweza kutozwa faini, unaweza kurudishwa kwenu. Hatari hiyo aliibeba nani? Daktari hakuwahi kubeba hata boksi moja, aliambiwa asijaribu. "Wewe soma, ukikamatwa wewe tumekwisha wote wawili." Maneno hayo Daktari mwenyewe alinisimulia kwa simu enzi hizo, kwa fahari kabisa.

Kuna hili la 2020. Januari ile wanafunzi wengi walikuja nyumbani likizo ya mwaka mpya wa Kichina. Daktari naye alishataka tiketi. Dada akakataa: hela ya tiketi ndiyo hela ya pango. Wakabaki. Tarehe 28 Machi 2020 China ikafunga mipaka kwa wageni kwa sababu ya korona, na wanafunzi waliokuwa nje hawakufunguliwa mlango mpaka Agosti 2022. Fikirieni. Waliokuja likizo ya wiki chache walikaa hapa miaka 2 na nusu, wanasomea udaktari kwenye simu, kifurushi kikiisha na mhadhara umeisha. Kupapasa ini la mgonjwa kwa intaneti! Daktari wetu alikuwa kulekule, wodi zilipofunguliwa akaingia, akashika wagonjwa kwa mikono yake, akamaliza 2022 kama ratiba inavyosema. Kwenye kikao mjomba wake mmoja alisimama akatoa ushuhuda kwamba ni maombi ya familia. Sikatai maombi. Nasema tu kwamba mtu aliyekataa kununua tiketi ninamjua, na kwenye kadi jina lake halipo.

Na kubaki huko hakukuwa lele mama. Aprili 2020 Waafrika wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala barabarani, dunia nzima iliona picha. Hawa wawili mwenye nyumba aliwaambia waondoke jioni ileile. Dada ndiye aliyehangaika na simu mpaka akapata mtu wa kuwahifadhi.

Wakati wote huo mama yake Daktari alikuwa anamwita nani? Mkwe. Nimesikia kwa masikio yangu, nyumbani kwao, simu imewekwa sauti ya nje: "Mkwe wangu hujambo? Mwanangu anakula?" Na mkwe anajibu "Shikamoo mama," anaagizwa dawa ya magoti na pochi. Kila mfanyabiashara aliyesafiri alipewa bahasha ya dagaa na unga wa muhogo apelekewe "mkwe". Hakuna aliyeuliza habari ya cheti. Hakuna aliyesema zinaa. Zinaa iligunduliwa baada ya shahada kupatikana.

Maana alirudi, shahada yake ikatambuliwa, akafanya ule mwaka mmoja wa mazoezi ambao kila daktari lazima aufanye, akasajiliwa, akapata kazi. Ghafla mkwe akawa "yule msichana wa kule". Wakaanza: "Wasichana wanaokaa China tunawajua." "Mke wa daktari lazima atoke familia inayoeleweka." Wakatafutiwa posa nyingine, Daktari akainamisha kichwa, akakubali. Bibi harusi simfahamu, sina neno naye, namtakia heri.

Hilo la "wasichana wa China tunawajua" niliseme kwa aibu. Niliwahi kuandika stori ya namna hiyo nilipoanza kazi. Mhariri alitaka kitu cha moto, nikampa. Sikuzungumza na msichana hata mmoja aliyeko China, nilizungumza na wanaume wawili kwenye kijiwe cha kahawa Gerezani. Ilitoka na picha kubwa. Kompyuta niliyoiandikia aliniletea huyu huyu dada kutoka Guangzhou kwa bei ya kiwandani, hakuweka cha juu hata shilingi. Sasa mnaelewa kwa nini mwiba haushuki.

Watu wa Kariakoo nao wananichekesha. Mji huu wenyewe unaishi kwa "sogea tuishi". Panda juu ya fremu yoyote, pita nyumba za kupanga kuanzia Gerezani mpaka Magomeni, uwaulize wanandoa cheti. Wangapi watakionyesha? Wameanza kwa kusogeza begi, wamezaa, wamezeeka, tunawaita Baba Fulani na Mama Fulani na kuwapa heshima zao. Lakini mwanafunzi akisogeza begi Guangzhou ni uhuni. Na si wa leo. Mtaa wa Lumumba uko hapo tu, hatua chache kutoka sokoni. Jina hilo hilo alipewa Chuo cha Urafiki cha Moscow mwaka 1961, na vijana wetu wakaenda huko kusoma udaktari na uhandisi. Miongoni mwa Waafrika waliosoma Urusi wapo waliorudi na wake, na wapo walioacha wanawake na watoto kule wakaja kuoa upya kwao kwa ngoma na vifijo. Ng'ambo tumezoea kuifanya choo cha stendi, unajisaidia unaondoka.

Sheria ya nchi hii, kwa taarifa ya kamati, haina macho mafupi kama ya kamati. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, katika hali ambayo watu wanawajua kama mke na mume, itachukuliwa kuwa walioana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata ikithibitishwa vinginevyo, mwanamke bado anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto. Narudia: watu wanawajua kama mke na mume. Mama, lile neno "mkwe" ulilolisema miaka 4 kwenye simu unalijua uzito wake?

Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Kupika ni mchango, kufua ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, maana mumewe alishampa fedha za biashara na mahakama ikaona alizitapanya, lakini hoja yake ilisimama na inasimama mpaka leo. Tatizo la dada yetu ni jingine. Sheria inagawa mali. Nyumba unaweza kuiuza mkagawana, shamba mkapima, gari mkapigia bei. Hawa wawili hawakujenga nyumba wala hawakununua kiwanja. Kila yuan iliyopatikana iliingia kwenye kichwa cha mtu mmoja. Utakata kipande gani cha daktari umpe?

Ndiyo maana sikubali mnaponiambia "hayo ni ya mahakamani, wewe changia ule pilau." Kama mahakama haiwezi kukata shahada, waliobaki wa kusema neno ni sisi tunaokaa kwenye viti vya plastiki tunaahidi laki laki.

Najua mtakayoniandikia. Mtasema mapenzi huisha. Ni kweli, huisha, na sijasema Daktari alazimishwe kumwoa. Aoe anayemtaka. Lakini mapenzi yakiisha deni haliishi! Ukikopa duka la Mpemba kisha ukakosana na Mpemba, utaacha kulipa mchele uliokwisha kuula? Mtasema hakuna aliyemtuma, alijipeleka mwenyewe. Sawa, na Daktari alipokula kwa miaka 4 nani alimtuma? Mtasema nina langu jambo na huyo dada. Sina, na hata ningekuwa nalo, hesabu ingebaki ileile.

Yeye mwenyewe hajaniomba niandike, na akiona atanigombeza. Alirudi 2023. Ana fremu ya kuchangia na mwenzake mtaa wa Narung'ombe, wanauza nguo za watoto. Nilipita wiki iliyopita, nikamwambia kuhusu kadi. Alikuwa anafungua bando la mzigo. Akaniuliza tu, "Wamepanga bajeti ya shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akacheka, akasema hiyo ni zaidi ya ada ya mwaka mzima wa tano. Ule mwaka wa tano alioulipa yeye. Kisha akaja mteja anataka soksi za dazeni, mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa kamati. Kikao kijacho, kabla ya kuhesabu ahadi, Daktari asimame aseme miaka 3 ya mwisho ya ada yake ililipwa na nani. Aseme kiasi. Aseme atakirudisha lini, hata kwa kidogo kidogo, mshahara anao. Akifanya hivyo, si laki moja, naleta laki mbili, na meza ya vinywaji nasimamia mimi.

Asipofanya, mweka hazina usinitumie tena meseji. Kadi nimeiacha mapokezi hapa gazetini, kwenye bahasha ya kaki, utaikuta kabla ya saa 11 jioni.