Si Kila Bahasha Ni Deni

Iko desturi katika biashara ya majarida ya Marekani iliyozoeleka kiasi kwamba watu hawaishangai tena. Mtu amelipia jarida la kila mwezi kwa mwaka mzima, matoleo manne au matano tu ndiyo yaliyokwisha kumfikia, na tayari bahasha imeingia nyumbani ikimhimiza alipie mwaka unaofuata. Asipojibu huja ya pili, kisha ya tatu, kila moja kali kuliko mwenziwe, mpaka ile yenye maandishi mekundu isemayo kuwa hii ndiyo ilani ya mwisho. Nayo mara nyingi hufuatwa na nyingine. Makumbusho na vyama vya wahitimu wa vyuo navyo vimeufuata mwendo huohuo katika ada za uanachama. Nasema mtu asilipe kabla ya wakati kwa sababu tu ameandikiwa, wala asione haya kuiweka kando barua ya namna hiyo.

Wachapishaji wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Majarida mengi yameishi kwa matangazo kuliko kwa ada za wasomaji. Bei ya tangazo hufuata idadi ya nakala ambayo mchapishaji amewaahidi watangazaji, na tangu mwaka 1914 kipo chombo cha kuzikagua hesabu hizo. Idadi ikishuka chini ya ahadi, mchapishaji hudaiwa fidia. Ndiyo maana humshika msomaji mapema asije akamponyoka. Tena lebo za anwani huandaliwa wiki kadhaa kabla ya jarida kutoka mtamboni, na anayechelewa kulipa huenda akakosa toleo moja au mawili. Yote hayo ni kweli. Lakini wiki kadhaa si miezi saba. Anayehitaji wiki sita na aombe wiki nane, tutamwelewa. Kinachozidi hapo ni mkopo usio na riba, na mkopeshaji ni msomaji ambaye hakuambiwa kwamba anakopesha.

Na mkopeshaji huyo hapati hata shukrani. Mara nyingi barua za mwanzo hazina bei nzuri kuliko zile za baadaye, maana kadiri msomaji anavyonyamaza ndivyo anavyobembelezwa. Ile kadi inayodondoka ukifunua jarida humpa mgeni bei nafuu kuliko anayotozwa mteja wa miaka ishirini. Kwa maneno mengine, mwaminifu hutozwa faini kwa uaminifu wake. Iko hatari nyingine pia: jarida linaweza kufa na ada yako mkononi. Mwaka 1968 wenye jarida la Saturday Evening Post waliwafuta mamilioni ya wasomaji waliokuwa wamelipa, wakaona ni mzigo. Wengi wao wakahamishiwa kwenye jarida la Life. Post lilifungwa mwanzoni mwa 1969, na Life lenyewe likaacha kutoka kila wiki mwishoni mwa 1972. Aliyekuwa amelipia miaka mitatu mbele alijikuta akipokea kitu asichokiagiza.

Atasema mtu: mimi ni msahaulifu, heri wanikumbushe mapema. Sawa, lakini ukumbusho wa kweli hutaja tarehe, na barua hizi mara nyingi huificha. Geuza jarida utazame lebo yenye jina lako. Juu ya jina, au pembeni yake, kwa kawaida pamechapwa mwezi na mwaka, labda MAR27. Hapo ndipo haki yako inapokomea, hata barua iseme nini. Na kwa upande wa vyama, uliza kwanza kama mwaka mpya utahesabiwa tangu siku ulipolipa au tangu ule wa zamani utakapokwisha. Chama kinachohesabu tangu siku ya malipo kitakuwa kimekula miezi yako.

Mazoea haya yamewafungulia mlango matapeli. Mtu aliyezoea kupokea madai kila mwezi hakumbuki tena alilipa lini, wala hatazami nani anamdai. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ililishtaki huko Oregon kundi la makampuni yaliyowatumia watu ilani za mamia ya magazeti bila idhini ya wachapishaji, kwa bei ya juu kuliko ya kawaida. Sheria ya posta ya Marekani inataka ombi lililofanana na ankara liseme waziwazi kwamba si ankara. Litafute neno hilo kabla ya kuandika hundi, hata kama limechapwa kwa herufi za kisirisiri. Na aliyekwisha kulipa mara mbili asikae kimya akijilaumu: amwandikie mchapishaji mwenyewe, kwa anwani iliyomo ndani ya jarida, adai ama muda wake uongezwe ama arudishiwe fedha za matoleo ambayo bado hayajatoka.